Nukta Tano za Ulimi wa Nne

Kazi yangu katika ghala la Grand Prairie ilikuwa kuhesabu vitu ambavyo watu wengine walikuwa wamekwisha kuvihesabu. Nilipewa mashine ya kuskani, nikapelekwa kwenye rafu, na mashine ikaniuliza viko vingapi. Haikuniambia kompyuta inaamini viko vingapi. Ilitengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu mtu akijua yanatarajiwa maboksi arobaini ataona arobaini hata yakiwa thelathini na nane. Unahesabu kwanza kwa macho yako, ndipo unaambiwa kama umepatana na aliyekutangulia. Wenzangu waliichoka kazi hiyo upesi. Mimi niliipenda. Kutowaamini watu ni kazi niliyokuwa nikiifanya tangu nina miaka kumi na minne, ila huko nyuma hakuna aliyenipa kitambulisho cha kuvaa shingoni.

Nilikuwa na umri huo mama alipofariki kambini, Kigoma. Baba alikuwa ametangulia kabla hatujavuka kutoka Burundi. Nilibaki na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minane, na ikembe ya mama. Shule niliiacha darasa la sita, wiki ileile ya mazishi, wala sikurudi. Mtoto anayelea mtoto mwenzake hujifunza kushuku mapema: anayepima mafuta amekishika vipi kibaba, nani anamsifu mdogo wako kupita kiasi, nani anaomba kushika kitu chenu kidogo tu, atakirudisha jioni. Ikembe iliombwa mara nyingi. Sikumpa mtu.

Ni kisanduku cha mbao kinachoenea kwenye viganja viwili. Juu yake zimebanwa ndimi tisa za chuma, na mchezaji huzidonoa kwa vidole gumba. Wakongo huiita likembe. Ya mama ilikuwa na ndimi saba za spoki za baiskeli zilizopondwa, na mbili za mbavu za mwavuli, kwa sababu chuma cha aina moja hakikutosha. Ulimi ukisukumwa ndani sauti yake inapanda, ukivutwa nje inashuka. Mama alizisogeza kwa kuzigonga na mpini wa kijiko, taratibu, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango.

Mengi alinifundisha kwa kutenda, lakini jambo moja alilisema. Alidonoa ulimi wa nne na wa tano kwa pamoja, na sauti zikatoka zikitetemeka, waa-waa-waa, kama maji ya beseni lililogongwa. Akasema, "Hizi mbili lazima zigombane. Zisipigane, zigombane tu. Siku zikipatana, hiyo si ikembe yangu tena." Nikamwambia nitazilinda. Sikujua kwamba nilikuwa naahidi jambo gumu.

*

Mwaka 2017, tukiwa tumekwisha kuhamishiwa ughaibuni kama wakimbizi, nilikuwa nakaa Haltom City. Mdogo wangu alikuwa amehamia upande wa Houston, anafanya kazi hospitalini na kukaa Pearland na mumewe. Mimi nilibaki na kazi yangu, kanisa langu na ikembe.

Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa Mkongo, mtu mzima mwenye sauti nzito na shati lililochomekwa vizuri hata akitoka kiwandani. Siku moja baada ya misa alinisikia nikicheza wimbo wa mama kwenye ukumbi wa parokia, akasema utafaa kwa matoleo. Jumamosi iliyofuata akauandika ubaoni kwa nota, zile herufi za d, r, m, f tulizozijua wote tangu kambini. Ulimi wa nne na wa tano zote mbili aliziandikia m. Nilikuwa nimekaa na waimbaji wa sauti ya pili. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizo m mbili hazifanani."

"Zinatofautiana nini?"

"Ya kwanza iko chini kidogo."

"Basi hiyo ni ma, m iliyoshushwa," akasema, na akaanza kufuta.

"Hapana. Ma ni mbali sana. Iko kati."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akageuka. "Kati ya ma na m? Dada, hapo hakuna nyumba, ni barabara tu." Kwaya nzima ikacheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane na hasira.

Mwalimu hakucheka. Alisimama na chaki yake. "Dada, mimi niko na hizi herufi tu, nilipewa hivi. Unataka niandike ingine? Leta herufi, nitaandika."

Tukaimba na kinanda. Wimbo wa mama ukatoka umenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Watu waliupenda. Nilitazama kila uso nikitafuta nani anafurahia kwamba mama yangu amerekebishwa, na kwa kuwa wote walikuwa wanatabasamu, niliwashuku wote.

*

Neno lake, leta herufi, nililichukua kama deni. Nikanunua daftari gumu.

Watu huniuliza kwa nini sikurekodi tu kwa simu. Nilirekodi. Simu ilirudisha sauti iliyolainishwa: ule mtetemo iliuona kama kelele ikaupunguza, kama inavyopunguza mvumo wa feni mtu akipiga simu. Kulikuwa pia na app ya kupimia gitaa. Ukidonoa, mshale unasimama kwenye kijani kama sauti ni sahihi na nyekundu kama si sahihi. Ikembe ya mama ilikuwa nyekundu kuanzia ulimi wa kwanza mpaka wa tisa. Nikaifuta app hiyo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kupima kila ulimi kwa rula, nikaandika urefu wake kwa milimita. Lilikuwa jaribio la kijinga. Spoki na ubavu wa mwavuli vyenye urefu sawa havitoi sauti sawa, na mtu mwingine akipata chuma kingine, namba zangu hazitamsaidia lolote.

Jibu nililipata kazini. Ghalani kila rafu ina anwani, na anwani haisemi kitu kina urefu gani. Inasema kiko karibu na nini: njia ya ngapi, nguzo ya ngapi, juu ya kipi. Nikaona kwamba na sauti niiandikie majirani zake. Nikaziacha herufi za nota kama zilivyo, kwa sababu kila mwanakwaya anazijua. Chini ya herufi nikatundika kulabu kama sauti iko chini ya ile inayojulikana, na juu yake kama iko juu. Kisha nikavuta mstari mwembamba hadi kwa jirani ambaye ulimi huo lazima udonolewe pamoja naye.

Kulabu ilionyesha upande tu, haikusema kiasi gani. Hapo nilikwama wiki nyingi. Nilijaribu maneno: kidogo, kidogo sana, kiasi. Nikajicheka. Meneja wangu asingenielewa kama ningeingiza kwenye mashine kwamba rafuni mna maboksi kiasi.

Siku moja, nikiwa nadonoa ulimi wa nne na wa tano, nikagundua nahesabu mitetemo. Ilikuwa inahesabika. Sauti zikiwa mbali zaidi mtetemo unakuwa wa haraka, zikikaribiana unakuwa wa polepole, na zikilingana unakufa. Kwa hiyo kiasi kilikuwepo siku zote, kikinipigia kelele. Kilichobaki ni muda wa kuhesabia. Saa ya simu ilinilazimu kutazama, na nikitazama masikio yanalegea. Nikatumia kitu ambacho sihitaji kukitazama: nilianza kusema kimoyomoyo "Salamu Maria, umejaa neema," kwa mwendo wa rozari ya mama, na nikahesabu mitetemo mpaka mwisho wa neno neema. Ilikuwa mitano. Nikarudia mara ishirini. Mitano.

Nikaandika m, kulabu chini, mstari hadi ulimi wa tano, na nukta tano.

Ulimi wa kwanza ulihitaji jirani ambaye si wa ikembe, la sivyo ikembe nzima ingeweza kuhama bila kujua imehama. Mwalimu wa kwaya alikuwa na chuma cha sauti alichopewa seminarini ujanani, chenye matawi mawili kama uma. Ukikigonga gotini kinatoa nota ya la, moja isiyobadilika. Sikuazima chake. Nilinunua changu, kisha nikavilinganisha vyote viwili masikioni mwangu, kimoja huku na kingine kule, mbele yake.

"Unapima chuma changu ama unanipima mimi?" akauliza.

"Vyote, mwalimu."

*

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima, na ilipokwisha nilikuwa na kurasa sita: moja ya ndimi tisa, na tano za wimbo wenyewe. Hapo ndipo shida ikaanza, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kuibiwa.

Mwalimu aliomba nakala. Mara ya kwanza nikasema sijamaliza. Mara ya pili nikasema nimeisahau nyumbani, na daftari lilikuwa mkobani mwangu. Mara ya tatu akasema, "Kuko bwana moja huko Houston, anafundisha muziki chuo kikuu. Ningependa aone hii kazi. Ni kazi kubwa, dada."

Kusifiwa ndiko kuliniogopesha. Nililala na kuamka na swali hilo: anataka nini? Nikimnyima, kwaya itaendelea kuimba wimbo uliopigwa pasi. Nikimpa, kesho nitausikia mahali ukiwa na jina la mtu mwingine. Mwishowe nikampa nakala, nikamwambia asimwonyeshe mtu yeyote mpaka niseme. Sikumwambia kwamba nakala hiyo ilikuwa na mtego. Kwenye ulimi wa saba, ambao mama aliuwekea mitetemo mitatu, niliandika nukta sita. Mitetemo sita pale inasikika vibaya, kama mtu anayetafuna mchanga. Siku nitakapozikuta nukta sita kwenye karatasi ya mtu mwingine, nitajua zimepitia kwa nani.

Nikangoja mwaka 2018 wote. Sikusikia chochote. Mwalimu aliendelea kunisalimia, akauliza hali ya mdogo wangu, na karatasi hakuizungumzia. Kimya chake nacho nilikishuku.

Kwaya iliendelea na kinanda. Kila Jumapili nilisimama na sauti ya pili nikaimba ile m ya kinanda pamoja na wenzangu, kwa sababu kwaya ni utii. Nikirudi nyumbani nilidonoa ikembe nisikie mama. Ndimi hulegea, hasa kwa joto la huku, ambapo gari likiachwa juani unaweza kukaushia nyama ndani yake. Zilipolegea nilizigonga kwa kijiko, kwa sikio langu, bila kufungua daftari. Daftari niliona ni la wasiomjua mama. Mimi nilikuwa nimemsikia.

*

Mdogo wangu alinipigia simu katikati ya mwaka 2019. Alikuwa na mimba ya kwanza.

"Dada, nataka ikembe."

"Ipi?"

"Kwani ziko ngapi?" Akacheka. "Mimi sina kitu cha mama. Hata kanga sina. Mtoto akiuliza bibi alikuwa nani, nitamwonyesha nini? Nitamwambia subiri, nam-call mama mkubwa aje na funguo?"

Nilimwambia ya mama haiondoki kwangu. Nilisema haraka mno, nikasikia jinsi nilivyosema. Kwa hiyo nikaongeza: tafuta fundi akutengenezee nyingine, nami nitakutumia maandishi. Utaipanga kwa karatasi.

"Si unitumie video tu?"

"Hapana. Video hapana, na hiyo app ya gitaa hapana. Ukiipanga kwa karatasi peke yake, nikaja nikakuta ziko sawa, nitajua karatasi inasema kweli. Ukisikia yangu kwanza, masikio yako yataiga."

"Yaani ni mtihani. Kama wa leseni."

"Ni kuhesabu bila kuambiwa."

"Dada, you're serious," akasema kwa Kiingereza, kama anavyofanya akitaka kunikasirikia bila kunivunjia heshima. Lakini alikubali. Nikamtumia kwa posta chuma cha sauti na nakala ya kurasa sita, safi, bila mtego. Fundi mmoja Mkongo wa parokia yao akamtengenezea kisanduku. Kila wiki niliuliza, "Hujasikiliza mahali popote?" Naye kila wiki alijibu, "Sijasikiliza, dada," kwa sauti iliyozidi kuwa fupi.

*

Mwezi wa Desemba nikaendesha hadi Pearland. Ikembe niliifunga kwenye taulo na kuiweka kiti cha mbele, nikaipitishia mkanda. Nilipofika, mdogo wangu alikuwa anatembea amejishika kiuno, tumbo limemtangulia. Mumewe alikuwa kazini. Tulikula wali na mboga ya lenga lenga, tukaosha vyombo, tukakaa kwenye kapeti la sebuleni, kila mtu na ikembe yake mapajani.

"Anza wewe," nikasema.

Akadonoa ulimi wa kwanza, nami wangu. Sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, ule wenye kulabu ya juu, nao sawa, na mdogo wangu hakuwahi kufundishwa ulimi huo na mtu yeyote. Ulisafiri kwenye karatasi kutoka Haltom City, ukafika mzima.

Tulipofika kwenye wa nne sauti zikaachana.

Nikamwambia arudie. Wake ulikuwa chini ya wangu. Nikaudonoa wangu tena, taratibu, na ulisikika mzuri, wa kawaida.

"Umetumia app," nikasema.

"Sijatumia."

"Au umesikia mahali. Kuna mtu amekuchezea."

"Dada, nimefuata karatasi yako. Nimegonga mpaka kucha imevunjika, ona." Akanionyesha kidole.

"Basi hukuhesabu vizuri."

Akaiweka ikembe chini. "Tangu nina miaka minane unanihesabu," akasema. "Nimekula vijiko vingapi, nimetoka saa ngapi, nimerudi na nani. Nimeolewa bado unanihesabu. Hujawahi siku moja kukuta nimepungua, na bado unahesabu."

Nikatafuta kosa mahali pengine. Nikapatwa na wazo baya. "Lete hiyo karatasi. Huenda nimekutumia ile yenye mtego."

"Mtego gani?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza haraka, nikitazama kapeti. Nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili, analia kwa kicheko. "Mwalimu wa kwaya! Umemtegea mwalimu wa kwaya! Yule mzee anayevaa tai mpaka kwenye nyama choma!" Kicheko kilimshinda mpaka akaegemea kochi. Nami nikacheka, ingawa sikutaka.

Karatasi haikuwa ya mtego. Ulimi wa saba ulikuwa na nukta zake tatu, na wa nne ulikuwa na tano.

Ikabaki sababu moja, na niliishika kwa nguvu. "Unasali haraka," nikasema. "Hapa Houston kila mtu ana haraka. Ukisema Salamu Maria mbio, mitetemo yako mitano inakuwa si mitano yangu."

"Haya, tusali."

Aligeuka akanipa mgongo, nami nikageuka, migongo yetu ikagusana. Akasema, moja, mbili, na tukaanza kila mtu kimoyomoyo, tumekubaliana kupiga kofi kwenye neno neema. Nilisema kama siku zote, nikiburuta kidogo kwenye Maria, kwa sababu mama alikuwa na pumu na alipumua pale. Makofi yetu yalilia kama kofi moja.

Tukarudia. Kofi moja. Mara ya tatu tukasali mpaka mwisho kabisa, hadi saa ya kufa kwetu, na amina zetu zikatoka pamoja.

"Ulipumua kwenye Maria?" nikamuuliza bila kugeuka.

"Si ndivyo inavyosaliwa?"

Alikuwa na miaka minane mama alipofariki. Siku zote niliamini hakubaki na kitu.

"Sasa hesabu ya kwako," akasema.

Nikadonoa ulimi wangu wa nne na wa tano kwa pamoja, nikaanza sala. Waa. Waa. Neema. Nikasema nimekosea. Nikarudia. Miwili. Mdogo wangu akasogea, akaweka sikio karibu na kisanduku, akahesabu kwa vidole vyake mbele ya uso wangu. Kidole kimoja, viwili, basi.

Karatasi niliiandika mwenyewe mwaka 2017, na nilikuwa nimehesabu mara ishirini. Ilisema tano. Ni mimi niliyeusogeza ulimi. Sio kwa siku moja. Kila ulimi ulipolegea, niliugonga ndani zaidi kidogo, kuelekea ile m ya kinanda niliyokuwa nikiiimba kila Jumapili, na kila mara sikio langu likaniambia ndivyo mama alivyotaka. Nilimlinda mama dhidi ya mwalimu, profesa, simu na mdogo wangu. Sikuwahi kujihesabu mwenyewe bila kujiambia jibu kwanza. Zilikuwa zimebaki nukta mbili tu, zile ndimi zipatane kabisa.

Mdogo wangu alikwenda jikoni akarudi na kijiko. Akanyoosha mkono, akangoja. Hakuna mkono zaidi ya wangu uliowahi kuugonga ulimi wa ikembe ile tangu mama afe. Nikampa. Akagonga, tukahesabu. Mitatu. Akagonga tena, kutoka upande wa pili, ulimi ukatoka nje uzi mmoja. Minne. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango, na hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo. Akagonga mara moja zaidi.

Mitano. Sauti ile ilipojaa sebuleni sikuitambua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kwa pumzi mbili hivi, mama alisikika kwangu kama mtu anayekosea.

*

Januari nilimfuata mwalimu wa kwaya ukumbini kabla ya mazoezi. Nilimwambia nataka kurekebisha ile nakala. Akaitoa kwenye begi lake, ndani ya mfuko wa plastiki, haina hata kunjo. Kisha akatoa likembe. Alikuwa nayo ya kwake, sikujua.

"Nilipanga na karatasi yako," akasema. "Miezi mingi. Mi nilitaka kujua kama inasema kweli mbele ya kuomba kwaya waache kinanda. Yote nilisikia ni nzuri, ila huu wa saba." Akaudonoa pamoja na jirani yake, na ule mchanga ukatafunwa ukumbini. "Huu ulinisumbua sana. Mara mingi nilitaka kuutengeneza. Nikasema hapana, huyu mama alitaka hivi. Mimi ni nani?"

"Na yule profesa?"

"Si ulikataza nisionyeshe mtu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema nilikosea kuandika. Nikaangalia zile nukta sita. "Sikukosea, mwalimu. Niliandika uongo. Nilitaka kukukamata."

Aliiweka likembe mezani. "Umenikamata?"

"Hapana."

Akavuta pumzi, akacheka kwa pua, akanisukumia kalamu mezani. Nikazikata nukta tatu kwa mstari mmoja mmoja, zibaki zinaonekana kwamba zilikuwepo. Nikachukua kijiko chake nikaanza kuugonga ulimi wa saba. Nilipodhani nimefika, nilidonoa, nikasali, nikahesabu mpaka neema. Kisha nikamkabidhi likembe na kumwomba ahesabu yeye, na sikumwambia nimepata mingapi.